Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: tuletee karatasi za mihula yote

Kwa Mheshimiwa Mbunge,
Ofisi ya Eneobunge,
Magharibi mwa Kenya.

KUH: REKODI YAKO YA UTUMISHI, BUNGENI NA MASHINANI

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu za heshima. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua za faragha zimekwama. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa ofisini kwako na ikaishia hapo. Ya pili tuliambiwa uko Nairobi, tutapigiwa simu. Ya tatu ilimfikia msaidizi wako matangani, akaikunja akaitia mfukoni. Jina lako na la eneobunge tumeyaacha nje kwa hiari yetu, wewe unajijua. Huenda wabunge wengine wawili watatu kati ya mto Nzoia na mto Nyando wakaisoma wakidhani wao ndio walioandikiwa, na hilo halitatukosesha usingizi.

Kwanza tukupe haki yako. Katiba haikuwekea mbunge ukomo wa mihula, na wapiga kura walikurudisha kwa kura, si kwa bahati nasibu. Ulisimama kuwatetea wakulima wa miwa wakati ambapo kuwatetea hakukuwa na faida, na maneno yako yamo kwenye Hansadi, rekodi rasmi ya mijadala ya Bunge. Hatuji kuyafuta. Tunachosema ni kwamba mbunge wa muhula wa kwanza anaweza kujitetea kuwa bado anajifunza milango ya Bunge. Wewe ndiye unayewaonyesha wageni milango hiyo. Kwa hiyo hesabu yako ni ndefu kuliko ya mgeni, na mpaka leo tumeisikia kwenye vipaza sauti tu. Hatujaiona kwenye karatasi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Maswali yako bungeni na kilichofuata

Mbunge akiuliza swali na Spika akalikubali, waziri hulijibu. Tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini wenyewe. Ndani ya jibu karibu kila mara huwa na ahadi: barabara imo katika mpango, malipo yatatolewa, wataalamu watatumwa. Ahadi hiyo ina mahali pa kufuatiliwa, kwa kuwa Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji. Mambo huharibikia hapo. Kipande cha video cha swali huzunguka kwenye simu zetu jioni ile ile, lakini jibu la waziri halizunguki, na mwaka unaofuata swali lile lile huulizwa upya kana kwamba halijawahi kuulizwa.

Tunaomba orodha yenye safu nne: tarehe ya swali, ahadi ya waziri, ulichofanya kuifuatilia, na hali ilivyo sasa. Kwa miswada yako binafsi tafadhali kumbuka kwamba mswada usiopita kabla ya Bunge kufikia mwisho wake hufa, na lazima uletwe upya. Mswada mmoja uliokufa mara mbili uandikwe kama mswada mmoja.

Na kura zako. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa barabarani, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tuambie ulipiga kura gani, na kwa sababu gani. Sentensi mbili zatosha.

2. Madarasa yenye jina lako

Hapa tutakaa kidogo, maana miongoni mwetu wamo mafundi na wajumbe wa bodi za shule.

Upande wa chini wa eneobunge ni udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Darasa lililojengwa juu yake kwa msingi mfupi halianguki siku ya kukata utepe. Huanza na ufa mwembamba kwenye kona ya dirisha, ukipanda kwa mshazari kuelekea paa. Mvua ya masika ya pili ufa unaingiza kidole. Ya tatu mlango haufungi.

Njia ya kuepuka hayo kila fundi wa hapa anaijua. Udongo mweusi huchimbwa na kuondolewa mpaka ardhi ngumu ipatikane, au pakiwa na kina kirefu mno, mhandisi aamue aina nyingine ya msingi. Shimo hujazwa murramu kwa tabaka za inchi 6, kila tabaka ikimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Mawe hufuata, kisha zege la sakafu la 1:2:4, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne. Juu ya madirisha hupita mshipi wa zege wenye nondo unaozunguka jengo zima bila kukatika. Zege humwagiliwa maji siku 7 angalau. Nje ya ukuta huwekwa kingo ya zege na mifereji ya paa ili maji yasirudi kwenye msingi.

Sasa tazama mahali pesa zinapopungua. Murramu hutupwa lori zima kwa mara moja na kusawazishwa kwa jembe. Kipimo cha 1:2:4 hugeuka 1:3:6 fundi akishaachwa peke yake. Mshipi wa zege hukatwa juu ya mlango ili kuokoa nondo. BQ, yaani orodha ya vifaa na vipimo vya kazi iliyokubaliwa, husema mabati ya geji 28 na yanayofika ni geji 30, ambayo ni membamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa. Mnunuzi asiyejua hudhani amepewa zaidi. Umwagiliaji hukoma siku ya pili kwa kuwa shule haina tangi na kibarua hakulipwa kuteka maji. Kisha rangi hupakwa, jina lako huandikwa kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani, na kamati ya mradi husaini cheti cha kukamilika bila nakala ya BQ mkononi.

Hatukutuhumu kwa wizi. Tunasema kwamba kamati ya mradi isiyopewa BQ haiwezi kukagua chochote. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 10, hadi muda wa kurekebisha kasoro upite. Tunataka kujua kama fedha hizo zilizuiwa, na kama zilitolewa kabla au baada ya nyufa kuonekana. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa ya NG-CDF, yaani hazina ya serikali ya taifa ya kustawisha maeneobunge, ya kila eneobunge peke yake, na tumesoma yetu. Kila palipoandikwa kwamba mradi umelipiwa ilhali haujakamilika, tunaomba maelezo kwa jina la shule.

Vyoo navyo. Choo cha shimo kwenye uwanda unaofurika hujaa maji kutoka chini na kumwaga kinyesi kwenye uwanja wa kuchezea. Panahitajika choo kilichoinuliwa juu ya jukwaa, chenye tangi lililozibwa na mlango wa kukinyonya. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini choo cha bei nafuu kinachochimbwa upya kila baada ya mafuriko kimeshagharimu zaidi ya hicho.

3. Basari

Fomu hutolewa, mzazi huipeleka kwa chifu kugongwa muhuri, huambatanisha muundo wa karo na ripoti ya mwanafunzi, huirudisha ofisini, kamati hukaa, na hundi huandikwa kwa jina la shule. Kimsingi hatua hizi hazina ubaya. Lakini zina mianya minne, na kila mmoja umeziumiza familia.

Wa kwanza ni wakati. Karo hudaiwa Januari. Mwaka wa fedha wa serikali ni Julai hadi Juni na hazina kuu hutuma fedha kwa mafungu, kwa hiyo hundi hufika muhula wa pili, mtoto akiwa amesharudishwa nyumbani mara mbili. Hilo la hazina kuu hatulitwiki kichwani mwako. Lakini orodha ya waliofaulu inaweza kutolewa mapema na kila mkuu wa shule akaandikiwa barua ya ahadi, ili mtoto abaki darasani hundi ikisubiriwa. Barua hiyo haigharimu kitu.

Wa pili ni kiasi. Mwanafunzi wa bweni katika shule ya kaunti hudaiwa Sh40,535 kwa mwaka. Akipewa Sh5,000, hiyo haifiki sehemu moja ya nane. Kugawa vipande vidogo kwa watu wengi hupendeza kwenye jukwaa kwa sababu idadi ya "walionufaika" huwa kubwa, lakini mkuu wa shule hawezi kumbakiza mtoto darasani kwa kipande. Tunajua ubishi huu una pande mbili; kuna mzazi ambaye Sh5,000 hizo ndizo zilizokamilisha. Basi pawe na ngazi: yatima na wenye ulemavu walipiwe karo yote, wengine wafuate kwa viwango vilivyotangazwa.

Wa tatu ni majina. Basari hutoka NG-CDF, hutoka kwa mfuko wa Mwakilishi wa Wanawake, na hutoka kaunti. Orodha hizo hazilinganishwi, hivyo mtoto mmoja hupata tatu na wa jirani hapati hata moja. Orodha ya majina, shule na kiasi ikibandikwa kwenye ofisi ya chifu, kijiji chenyewe kitaikagua kwa siku mbili. Wanakijiji wanamjua nani ni yatima na nani baba yake ana lori.

Wa nne ni hundi zinazorudi. Hundi huisha nguvu baada ya miezi 6. Ikiandikwa kwa jina la shule lililokosewa, au kwa shule ambayo mtoto alishahama, hulala kwenye droo mpaka ikafa. Fedha hizo zilirudi kwenye akaunti ipi? Nani aliandikiwa hundi mpya? Swali hili tumeliuliza kwa mdomo mara nyingi na kila mara tumejibiwa kwamba mhusika yuko likizo.

4. Miwa

Hili ndilo uwanja wako, Mheshimiwa, kwa hiyo tutasema machache na kukuachia nafasi.

Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4. Mei 2025 viwanda vinne vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo atakuwa mzazi mkataba ukiisha. Ulipigia debe au ulipinga? Tumesikia yote mawili, kwenye matanga mawili tofauti. Tunaomba upitie Kamati ya Kilimo ya Bunge utuletee masharti ya mikataba hiyo kwa Kiswahili na kwa Dholuo au Kiluhya: kodi ya ardhi inakwenda wapi, malimbikizo ya wakulima na wafanyakazi yanalipwa na nani, na nani aliyehakiki orodha ya wanaodai.

Julai 2025 Bodi ilisimamisha usagaji kwa miezi mitatu katika sehemu za magharibi kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua. Sababu yake haikuanza mwezi huo. Miwa huhitaji miezi 14 hadi 18 kutegemea aina yake na kama ni ya kupandwa upya au ni chipukizi. Mkulima mwenye deni la karo huiuza kwa yeyote mwenye trekta, miwa ikiwa na miezi 10 au 11, ingali nyepesi na yenye sukari kidogo. Kwa hiyo basari ya nambari 3 na miwa ya nambari 4 ni jambo moja lenye ofisi mbili.

Na mizani. Trekta hupimwa ikiingia na mzigo, hupimwa tena ikitoka tupu, na tofauti ndiyo mali ya mkulima. Dosari huingia pale uzito wa trela tupu unapochukuliwa kwenye daftari la zamani badala ya kupimwa, au trela moja inapobeba miwa ya wakulima watatu na mgawanyo ukafanywa kwa kukisia. Miwa iliyokatwa ikilala zaidi ya siku mbili nayo hupoteza uzito, na hasara hiyo humwangukia mkulima ingawa aliyechelewa ni mwenye trekta. Tunataka mkulima apewe risiti yenye vipimo vyote viwili, saa ya kukatwa na saa ya kupimwa. Sauti yako inaweza kulifanya hilo kuwa kanuni.

5. Mafuriko

Kila Aprili na Mei unatembelea waliohamia shuleni, unaleta unga na magodoro, na tunashukuru kwa dhati. Lakini fedha ya kuzuia mafuriko hutafutwa kabla ya mvua. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kabla ya 15 Februari na makadirio kabla ya 30 Aprili. Kilio cha Mei hukuta vitabu vimeshafika mezani. Tuonyeshe, kwa mwaka hata mmoja, barua au pendekezo lako la Januari au Februari la kutaka tuta likarabatiwe au mfereji uzibuliwe.

Matuta hayabomoki kwa ghafla kama inavyosemwa redioni. Hubomokea palipokuwa na njia ya ng'ombe, kwenye mashimo ya mchwa, au pale mchanga ulipochotwa chini ya tuta. Palipolimwa kwenye mteremko nyasi huisha na udongo huondoka. Mtu mmoja mwenye kamba ya kupimia na daftari akitembea juu ya tuta mwezi wa Januari ataziona sehemu hizo zote.

Sheria ya NG-CDF hutenga asilimia 5 kwa dharura, yaani hitaji la haraka lisilotarajiwa. Mafuriko ya kila mwaka yanatarajiwa hata na kuku. Tunaomba kujua sehemu hiyo ya asilimia 5 ilitumika kwa nini, mwaka kwa mwaka.

6. Mikutano

Sheria hiyo hiyo ya NG-CDF inataka mikutano ya wazi katika kila wadi mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, na angalau mara moja kila miaka miwili baada ya hapo. Matanga hayahesabiki. Mfiwa hawezi kusimama kando ya jeneza akuulize habari za BQ.

Majibu tunayoyatarajia

Utasema wewe si mwanakamati wa NG-CDF. Ni kweli, lakini sheria inakuweka mwenyekiti wa kamati ya uangalizi ya eneobunge, na kuangalia ndiko tunakokuomba.

Utasema fedha zilichelewa. Basi tupe tarehe zilipoingia kwenye akaunti, na tutasimama nawe kuilaumu hazina kuu.

Utasema Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, na mambo ya mahakamani hayajadiliwi. Mahakama ilishughulikia uhalali wa sheria. Risiti za fedha zilizokwisha kutumika haikuzifunga.

Utasema barabara na zahanati ni za kaunti. Hatukuuliza habari za barabara wala zahanati. Ila vibao vyako vimesimama kwenye baadhi yake, na hilo nalo linahitaji maelezo.

Na wapambe wako watasema hii ni siasa ya uchaguzi wa Agosti 2027. Barua ya kwanza ina muhuri wa ofisi yako na tarehe yake. Waisome tarehe hiyo kwanza.

Tunachoomba

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili na inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Barua hii ichukuliwe kuwa ombi hilo, na nakala yenye sahihi inapelekwa kwa meneja wa hazina ya NG-CDF. Tunaomba:

(a) orodha ya miradi yote ya mihula yako, kila mmoja na BQ yake, mkandarasi, kiasi kilicholipwa na tarehe ya cheti cha kukamilika;

(b) orodha za basari za miaka mitatu iliyopita, pamoja na hundi zilizorudi;

(c) matumizi ya fedha za dharura;

(d) jedwali la maswali, ahadi za mawaziri na kura zako;

(e) tarehe ya mkutano katika kila wadi, siku isiyo ya mazishi, ambapo maswali yatakuja kabla ya hotuba.

Miradi ikiwa mingi mno kwa siku 21, anza na madarasa ya upande wa udongo mweusi, maana humo watoto wamekaa chini ya ukuta wenye ufa. Hayo hayangoji sheria. Mtume mhandisi wa kazi za umma wiki hii.

Siku hizo zikipita kimya, tutaomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie suala hili, na tutawasilisha malalamiko Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Utakuwa umekaa ukumbini yakisomwa.

Majibu yabandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya chifu. Nje ya kabati la kioo, tafadhali. Ufunguo wa kabati nao huwa na yule aliye likizo.

Wako kwa heshima,

Wazazi, wakulima wa miwa, mafundi wa ujenzi na wajumbe wa bodi za shule,
kwa niaba ya wakazi wa eneobunge.

Nakala: Meneja wa hazina ya NG-CDF; Naibu Kamishna wa Kaunti; machifu wote wa lokesheni.